Siku Tulipokataa Samaki Ruiri

Bibi yangu amenishtaki kwa pasta. Anasema tangu niache kazi siwezi kuona kitu refu na nyembamba nikakiacha hivyo. Sukuma wiki nimefunga. Vijiko nimefunga. Wajukuu walikuja likizo na penseli zao, kuamka wakapata zimefungwa kwa kamba ya mgomba, zimeviringwa na jani, zimebaki tu kupanda ndege. Pasta akaniuliza, "Mzee, shida ni nini?" Nikamwambia hakuna shida, ni vidole zangu bado hazijapata habari.

Sasa nyinyi vijana mliobaki kwa banda la Nchiru, siku ya kuniaga mlisema niwaandikie vile kazi ya kufunga miraa ilikuwa. Shule mimi niliipita kwa nje nikifuata mbuzi, kwa hivyo mkipata herufi imeanguka, iinueni tu, msipige kelele. Mshahara sitaongelea. Ulikuwa mfupi hata hadithi yake haiwezi jaza mstari.

Nilitoka kwetu Ruiri nikiwa bado nanuka mbuzi. Ruiri mnaijua, jua la huko halitui, linapumzika tu kidogo likirudi. Nilipanda mpaka Nchiru na hiyo baridi yake, nikadhani nimefika Ulaya. Wakati huo hakukuwa na university, hakukuwa na hosteli, hakukuwa na watoto wa kununua chapati na simu. Kulikuwa na migomba, matope, na banda la mabati la Mama Nkatha. Huyu mama ndiye mwenye banda, na sauti yake mnaijua. Siku hizo alikuwa bado na nguvu, akikohoa Nchiru, ng'ombe wa Ruiri wanasimama.

Akaniangalia juu mpaka chini, akaita, "M'Ithinji, kuja uone. Nimeletewa mtu ama nimeletewa fito?"

Mzee M'Ithinji ndiye alinifundisha kazi. Alikuwa fundi wa kufunga, na hakuwa mtu wa maneno mingi. Alikuwa anafundisha kwa kurusha. Ukimaliza kufunga surba, hiyo nyinyi mnajua ni kale kafungu ka kushikwa na mkono moja, alikuwa anaichukua anairusha juu ya paa. Ikianguka upande ule mwingine bado imejishika, unakunywa chai. Ikifunguka, unaenda kuokota kijiti kwa kijiti. Surba yangu ya kwanza ilifunguka ikiwa bado inapanda. Kuku za Mama Nkatha zikaila yote. Hizo kuku hazikulala wiki mzima, na yai zao zilikuwa zinatembea kabla ya kuanguliwa.

M'Ithinji akaniuliza, "Wewe ulikuwa unafunga ama ulikuwa unaisalimia?"

"Nilikuwa nafunga, mzee."

"Basi funga. Salamu ni ya kanisa."

Alinionyesha vile jani la mgomba linachaguliwa, lisiwe zee likapasuka, lisiwe changa likatoa maji. Unapangusa umande, unalaza miraa vichwa pamoja, unakaza mpaka usikie imelia kidogo, halafu unalegeza kama mkono ulio kwa shingo ya mtoto. Alikuwa anasema miraa inapumua. Ukiinyonga imekufa, ukiiachilia imekauka, na ikikauka ni kuni. Vyombo vya kazi vilikuwa meno, ukucha ya kidole gumba, na kisu. Kisu ya M'Ithinji alikuwa ameinoa miaka mingi mpaka ikabaki mpini na nia.

Hizo ndizo zilikuwa siku za London, miraa yetu ikipanda ndege mpaka huko. Mnacheka, lakini sisi tulikuwa tunajua hali ya hewa ya London kuliko ya Meru mjini. Kukinyesha huko, Mama Nkatha anasema ongezeni jani. Kirimi dereva alikuwa anang'oa gari hapa akiwa na kikombe cha chai moto, anafika Nairobi uwanja wa ndege bado anaipuliza. Siku moja aliniambia alipita kivuli yake Embu, akirudi akakipata Thika kimechoka. Mimi nilikuwa naamini Kirimi kila kitu, kwa sababu miraa ilikuwa inafika ikiwa na umande.

Na hapo ndio alikuja Njeru. Njeru ni mtu wa Kanja, Embu, alioa msichana wa hapa akakataa kurudi. Tulimpatia kazi ya kukata majani. Kwa sababu Waembu ni watu wa muguka, ile majani yao laini ya kutafuna, tulimwita hilo jina mpaka likashika kuliko la ubatizo.

"Muguka, leta majani."

"Nakuja. Lakini mjue sisi kwetu hatubembelezi ndege. Muguka inauzwa na mama kwa kona, inalipwa, watu wanalala."

"Muguka ni chakula ya mbuzi."

"Na mbuzi hajawahi kukosa soko," anasema, na anakata majani.

Tulimcheka miaka mingi sana. Halafu siku moja London wakakaa kwa bunge yao wakasema hii kitu ni dawa ya kulevya, haiingii tena. Hakuna mtu alitupigia simu. Tulikuwa tumefunga mzigo, Kirimi ameshika usukani, Mama Nkatha akatoka na redio mkononi kama mtu amebeba mtoto mgonjwa. Huo mzigo uliteremshwa Ruiri, mpaka punda zilipewa. Punda za Ruiri zilienda mbio mpaka Isiolo bila mtu kuzituma.

Tukabaki na Mogadishu. Na kweli Mogadishu walitupenda. Watu wa huko walikuwa wanajua kufunga ya M'Ithinji kwa kuangalia fundo, kama vile unajua mwandiko wa mtu. Lakini nayo ikafungwa. Serikali yetu na ya jirani walikuwa wamekosana, na moja ya vitu walikuwa wanagombania ni bahari. Hebu fikirieni. Sisi bahari tunaijua kwa picha ya kalenda. Hakuna mtu wa banda letu amewahi kulowesha kidole. Na ndio hiyo bahari imetunyima unga.

Banda ikanyamaza. Miraa iliuzwa tu hapa karibu, kidogo kidogo, na wafungaji tukawa wengi kuliko vijiti. Mama Nkatha akatuita siku moja, na akaongea pole pole, hapo ndio niliogopa.

"Watoto wangu," akasema, na mimi tayari nilikuwa na mvi, "kura inakuja. Mkubwa mpya akiingia na anga ya Mogadishu haijafunguliwa, hii banda naibomoa. Nitajenga hosteli ya wanafunzi. Mwanafunzi hahitaji Mogadishu akubali ndio alale."

Kesho yake lori ikamwaga mawe ya kujenga hapo mlangoni. Tulikuwa tunapita kando yake kila asubuhi tukienda kukaa kwa kazi ambayo haiko.

Kwa hivyo mkisikia watu wa mji wakisema wananchi wanapiga kura kwa sababu ya barabara na maji, waambieni hawajafika kwetu. Hiyo kampeni, mtu akisimama aseme ataleta maji, wamama wa Nchiru walikuwa wanamwambia, "Maji tutachota wenyewe, tuambie ya Mogadishu." Kulikuwa na nyanya moja, hajawahi kuvuka mto, aliuliza mbunge kama atatuma balozi ama ataongea na rais wa huko mwenyewe. Mbunge akakunywa maji ya chupa yote. Hata wachungaji wa Ruiri, ambao hawana hata mti moja wa miraa, walikuwa wanauliza, kwa sababu sisi tukikosa pesa, mbuzi zao haziliwi.

Wagombea wakubwa wa urais walikuwa wawili. Majina hata msiniulize, moja alikuwa anacheza sana kwa jukwaa, tulimwita wa Ngoma. Mwingine alikuwa havui koti hata jua la Ruiri likimpiga, tulimwita wa Koti. Wote wawili wangekuja kwetu. M'Ithinji, ambaye alikuwa amezeeka mpaka akawa mwepesi kama jani, aliletwa banda tukakaa.

Akasema, "Maneno ya mtu wa kampeni ni upepo. Tuwaulize kimila."

Kimila ni ncoolo. Nyinyi mnaijua ya harusi. Ukienda kuomba msichana, unabeba kibunda cha miraa cha heshima, kimefungwa na fundi, hakuna kijiti kimevunjika. Baba akikifungua na atafune mbele yenu, amekubali, na hawezi geuka. Akikirudisha hivyo kilivyo, amekataa, mnaenda nyumbani na heshima yenu. Na kuna ya katikati, ambayo M'Ithinji alitufundisha na watu wengi wamesahau. Baba akichomoa kijiti moja na aache kibunda kimefungwa, anasema, sijakataa, wacha niende niulize wenye nyumba. Lakini hapo amejifunga kurudi na jibu. Na lazima apokee kwa mkono yake. Mtu hapokelewi ncoolo.

Mimi nilipewa kufunga zote mbili. Nilizifunga hivyo, hata simba angezichomolea kijiti na zisilegee.

Wa Ngoma alikuja kwanza, akashukia Nchiru na helikopta. Ile upepo yake ilibeba kofia, kuku, na kwa ukweli kidogo tu ibebe kanisa. Tukampa ncoolo. Hata hatujamaliza kusema ni ya nini, ameipasua, anatafuna. Alitafuna mpaka na jani. Akashika spika akasema, "Mimi nikiapishwa asubuhi, saa sita ndege inaruka." Watu walipiga makofi mpaka mabati ikaachia misumari. Mimi mwenyewe nilitupa kofia, na haijarudi.

Nikaangalia M'Ithinji, yeye hapigi makofi. Akaniambia, "Baba anayekubali kabla hajaambiwa ni msichana gani anaombwa, huyo hana binti."

Wa Koti alikuja Ruiri, uwanja wa shule. Nikasimama mbele na ncoolo nikiwa nimeikumbatia, Njeru kando yangu, M'Ithinji kwa kiti nyuma yetu. Akatokea jamaa moja wa miwani nyeusi, wa kupanga mambo ya mheshimiwa.

"Mzee, hiyo haiwezi kufika kwa mheshimiwa."

"Kwa nini, bwana?"

"Picha itaenda dunia yote. Kuna nchi hii ni dawa ya kulevya, na hao ndio anakutana nao wiki ijayo. Kuna mambo ya sera ya nje."

"Hata sisi tumekuja hiyo ya nje," nikamwambia. "Ya ndani tunajua wenyewe."

"Basi nipe mimi, nitamwekea kwa gari."

Njeru akamshika kwa bega na upole sana. "Ukiipokea wewe, ni wewe umeombwa. Wewe ndio utafungua hiyo anga. Uko na ndege?"

Jamaa akaangalia ncoolo kama nyoka. Akarudisha mkono kwa mfuko.

Wa Koti alikuwa anatuona. Akateremka kwa ngazi mwenyewe, akaja mpaka kwetu, akauliza ni nini. M'Ithinji akamwelezea zile njia tatu, moja moja, na watu wote wa Ruiri wakasogea karibu. Hata mbuzi.

Akapokea, kwa mkono mbili. Akaigeuza. Akasema, "Nikifungua nimeahidi?"

"Umeahidi," M'Ithinji akasema.

"Na mlango wenyewe si wangu. Ni wa jirani. Mimi naweza enda nibishe, siwezi kusema atafungua."

Hapo akachomoa kijiti moja, akaweka kwa mfuko wa koti, akanirudishia kibunda. Haikulegea hata kidogo, na hilo mniandikie kaburini.

Angewacha hapo. Tungempigia kura mpaka sanduku ipasuke. Lakini alikuwa mtu wa kusema ukweli yote, na ukweli yote haifai mkutano wa jua kali. Akashika spika akasema, "Lakini wazee, jirani naye hafungui bure. Mimi nikimwambia chukua miraa yangu, ataniambia chukua samaki yangu. Sasa niwaulize kabla sijaenda. Samaki yao ikija kwa soko yenu, mtanunua?"

Aki, hiyo siku.

Nyinyi watoto wa siku hizi mnakula samaki mkiona simu, lakini Ruiri ya wazee ni mbuzi, maharagwe na githeri. Kukawa na ile kelele ya chini chini, kama maziwa ikikaribia kumwagika. Mzee moja akainua fimbo. "Mheshimiwa, tumeomba ndege, unatupatia nyoka ya maji?"

"Si nyoka, mzee. Ni samaki."

"Iko na mguu?"

"Haina."

"Basi."

Watu wakacheka, na mtu akichekwa Ruiri amekwisha. Kabla ya jua kupoa, habari ilikuwa imeshafika Nchiru ikiwa imenenepa. Ati wa Koti atafunga bucha zote. Ati kila nyumba itapewa samaki na askari wa kuangalia kama umemaliza. Watu wa wa Ngoma walikuwa wanapita na spika kwa gari wakiuliza, "Mnataka ndege ama mnataka miiba?" Kwa banda, mtu akitaja wa Koti hapitishiwi kamba. M'Ithinji pekee alikuwa anasema, "Huyo ndiye ameuliza bei kabla ya kununua." Tukamwambia mzee, wewe ulale.

Kura ikapigwa. Njeru anapigia kwao Kanja, alienda akarudi, na alipita Ruiri, mahali sisi wa banda tunapigia, kuangalia ile karatasi ya matokeo wanabandika kwa mlango wa shule. Akaingia banda akifuta machozi ya kicheko.

"Wameru, mmemfanya wa Koti kama maiti ya kuku. Wote walimpigia Ruiri wangetosha kwa baiskeli moja."

Tukapiga vigelegele. Halafu redio ikamaliza kuhesabu nchi yote. Watu wa kwingine, ambao hawana habari na miraa wala samaki, walikuwa wamempigia wa Koti kwa mambo yao. Ameshinda.

Mama Nkatha aliangalia mawe, akatuangalia sisi. "Sasa huyo mtu mmemfukuza na samaki," akasema, "ndiye ameshika ufunguo."

Akaleta fundi wa kujenga. Fundi akapima, akachimba msingi upande wa nyuma, ile choo yetu ikawa ya kwanza kwenda. Miezi ilipita. Wafungaji wengine wakaenda kupanda parachichi, wengine wakaenda Nairobi kulinda mageti. Kila mtu alikuwa anasema wa Koti atatulipiza, na kwa nini asitulipize. M'Ithinji alikuwa amelala kitandani siku hizo, nilienda kumwona, nikamwuliza kama mtu aliyetukanwa bado amefungwa na kile kijiti.

"Yeye hakuchomoa kwa sababu mnampenda," akasema. "Alichomoa kwa sababu aliulizwa."

Alituacha muda mfupi baada ya hapo. Tulimzika na kisu yake, ama ile ilikuwa imebaki.

Halafu asubuhi moja Kirimi, ambaye alikuwa anabeba viazi kwa aibu, akaingia kwa lango akipiga honi kama mtu ameoa mara mbili. Wameongea, wamesikizana. Anga imefunguliwa. Nani alimwambia nani nini, mimi sijui, na yule atakuambia anajua, mwangalie vizuri. Wa Ngoma alisema ni yeye alisukuma. Kanisa ikasema ni maombi. Fundi wa Mama Nkatha alikuwa na mwiko mkononi, ukuta umefika magoti. Mama akamwambia, "Weka hiyo chini," na ndio sababu mnakuta hicho kiukuta huko nyuma hakiendi mahali.

Tulifunga hiyo siku kama watu wamefunguliwa jela. Wazee wa parachichi walirudi mbio na udongo kwa mikono. Nilifunga mpaka vidole zikatoa moshi, muulize Njeru. Kirimi akapeleka mzigo, na akarudi na sanduku ya barafu kutoka huko uwanja wa ndege. Samaki. Ya jirani. Ilikuwa imekuja na ile ndege ya kwanza.

Mama Nkatha akaipika kwa nyanya na kitunguu, akaiweka katikati ya banda. Hakuna mtu alisogea. Akasema, "Mtakula, ama nimwite fundi?"

Tukakula. Na ilikuwa tamu, shida ilikuwa hiyo. Watu wakanyonya vichwa. Yule mzee wa fimbo alikuwa amekuja kutoka Ruiri kuona kama ni kweli, akarudia mara tatu bila kuinua macho.

Njeru akapangusa mdomo, akatuangalia vile tumekaa, akauliza, "Kwa hivyo nyinyi mlipigia nani?"

Watu wakaangalia miiba. Halafu mmoja akasema yeye, kusema ukweli, alipigia wa Koti. Jirani yake akasema hata yeye. Ikazunguka banda yote, mwanamke kwa mwanamume, mzee wa fimbo pia, mpaka ikapita Mama Nkatha. Hesabu sikusomea, lakini kura za wa Koti ndani ya hiyo banda peke yake zilikuwa zimezidi zile za Ruiri yote.

Ikafika kwangu. Njeru akaniangalia, anangoja.

Nikamwambia, "Muguka, leta majani. Kirimi amewasha gari."